Samaki wa Kula Mwani na Wadudu kwenye Tangi la Chumvi la Kina Kifupi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la maji ya chumvi hapa South C, Nairobi. Urefu wake ni sentimita 120, upana 60 na kimo 30. Ndani kuna samaki wa anemoni wawili, kamba msafishaji mmoja, zoanthidi (jamaa wa anemoni wanaoota kwa makundi kama vijiua) na matumbawe laini. Tangu Februari mwani wa kijani kama nywele umefunika mawe, aiptasia, wale anemoni wadogo wa kero, wamejaa kwenye nyufa, na juzi nimeona minyoo bapa wadogo wa rangi ya kutu kwenye kioo. Dukani nimeshauriwa nichukue kangaja wawili, kitatange mwenye mdomo mrefu na samaki msafishaji, niwatie wote kwa pamoja. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Katika hao wanne hakuna hata mmoja ambaye ningemtia kwenye tangi lako. Si kwamba ni samaki wabaya. Kangaja ni mlaji hodari wa mwani, na kitatange yule wa mdomo mrefu kweli hula aiptasia. Tatizo ni kwamba umetajiwa kazi yao tu, hukuambiwa wanavyoishi. Samaki si kibarua wa wiki mbili. Mwani ukiisha bado yupo, anakua, ana njaa, na yuko mikononi mwako kwa miaka. Kwa hiyo kila samaki wa kazi mimi humpima kwa jambo moja kabla ya mengine: siku atakapommaliza mdudu uliyemnunulia, atakula nini na ataogelea wapi? Wengi wanaofia kwenye matangi ya Nairobi hufa baada ya kufaulu kazi yao, wala si kabla.

Tuanze na tangi lenyewe, maana vipimo ulivyonipa vinaamua mengi. Sentimita 120 kwa 60 kwa 30 ni lita 216 likijaa hadi ukingoni. Ukiacha nafasi kidogo juu, ukatoa mchanga na mawe, unabaki na maji kama lita 150. Kwa wastani huo, una tangi dogo lenye sakafu kubwa. Samaki wanaoishi chini, wanaorukaruka kutoka jiwe hadi jiwe, watajiona wana shamba. Wale wanaokata maji kutwa nzima wakitafuta malisho watagonga kioo kila baada ya sekunde chache.

Uso mpana wa maji ni baraka nyingine, hasa hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Maji ya bahari ya nyuzi 25 ambayo kule Nyali yanaweza kubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba kama 5.5 tu. Pengo hilo hulioni mchana. Unaliona saa tisa usiku stima inapopotea, mwani na matumbawe nayo yanapumua gizani, na samaki wanaanza kupanda juu wakihema. Hii ndiyo sababu ninapinga habari ya kutia samaki wanne wapya kwa siku moja. Idadi ya samaki inayoonekana ya kawaida kwenye vitabu vya watu wa pwani na ng'ambo, kwetu huwa tayari ni nyingi. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri uiweke tayari kabla ya kufikiria samaki yeyote.

Kina kifupi kina hasara zake pia. Taa iko karibu na mawe, na mwanga unaofika chini ni mkali kuliko kwenye tangi la kimo cha sentimita 60, kwa hiyo mwani unapata karamu. Maji hupoa haraka: usiku wa Julai hapa jijini hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na wewe unataka tangi libaki kwenye 25 au 26 bila kupandashuka. Hita mbili za wastani ni salama kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikifa nyingine hulishikilia tangi hadi asubuhi. Maji pia hukauka upesi. Lita tatu zikipotea kwenye mfumo wako, chumvi inapanda kutoka 35 kwa elfu hadi karibu 35.7, nawe unapaswa kurudishia maji matamu yaliyochujwa, si ya chumvi. Na samaki wataruka. Karibu wote nitakaowataja hapa chini ni warukaji. Tafuta wavu laini wenye matundu ya milimita 6 hivi, uunde fremu, ulifunike tangi lote pamoja na ile kona ya nyaya. Kioo kizima usikiweke, kinazuia hewa na kutega joto.

Sasa mwani. Hapa naomba tuwe na subira, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea mtazamo. Samaki anayekula mwani haondoi kilichoulisha mwani. Akila, sehemu kubwa ya fosfeti na nitrojeni hurudi majini kwa njia ya kinyesi na mkojo, na mwani unapata tena mbolea. Kama hujaziba mlango ambao mbolea hiyo inaingilia, utabadilisha mwani mrefu kwa mwani mfupi na maji machafu zaidi.

Hukuniambia unachanganya chumvi na maji gani, na hilo ndilo ningeanza kulichunguza. Mengi ya maji ya mfereji jijini hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Ni maji laini na mazuri kwa kunywa, lakini yana klorini, na ubora wake hubadilika mvua kubwa inaponyesha. Ukiwa kwenye ploti yenye kisima, au unaletewa maji na boza, hali ni nyingine: maji ya visima vya Nairobi yamepita kwenye mawe ya volkano, na hubeba floridi kwa wingi pamoja na silika, chakula cha dayatomu, ule utando wa kahawia kwenye mchanga na kioo. Tumia mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa utando mwembamba, yenye kichujio cha mwisho cha resini, na kipima cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Mashine hiyo itakufaa kuliko samaki yeyote utakayeuziwa kwa bei ileile.

Baada ya maji, mikono. Zima pampu, ng'oa mwani wa nywele kwa vidole, na huku unang'oa uwe unafyonza vipande kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo. Jiwe linaloweza kutoka litoe, ulisugue kwa mswaki kwenye maji ya chumvi uliyotoa tangini, si ya mfereji. Angalia tu kwanza kama jiwe hilo lina aiptasia au zoanthidi. Lenye aiptasia usilisugue, na sababu yake nitaieleza. Lenye zoanthidi livalie glavu na miwani, kwa kuwa jamii hiyo inaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno. Na katu usichemshe jiwe wala kulimwagia maji moto ukidhani unalisafisha. Kuna familia zimeishia hospitalini nchi za nje kwa kuvuta mvuke wa mawe kama hayo jikoni. Ukisikia mtu anakushauri hivyo, mkatalie hata kama ni rafiki.

Punguza muda wa taa uwe masaa saba tu kwa siku, lisha mara moja, na suuza chakula kilichoganda kabla ya kukitia. Lenga fosfeti kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita, naitreti kati ya 2 na 10. Usizisukume hadi sifuri. Maji yaliyokauka virutubisho kabisa mara nyingi hufungua njia kwa dinoflajelata, vijiumbe vinavyotanda kama utelezi, na hao ni balaa ambalo hakuna samaki atakayekutatulia. Hali kadhalika ule utelezi mwekundu wa sianobakteria: hakuna samaki wa kumtegemea, na anayekuuzia mmoja kwa ajili hiyo hakutendei haki.

Mwani ukishakuwa mfupi, hapo ndipo samaki anapopata nafasi, na samaki wako ni bleni, Salarias fasciatus. Ningemchagua huyu mbele ya wengine wote kwa tangi la umbo lako. Kwao ni kwenye maji ya kina kifupi, miamba ya ndani ya wangwa na tambarare za matumbawe zisizozidi mita 8 kwenda chini, kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yetu ya Afrika Mashariki, hadi Samoa. Mwanga mkali na maji mafupi ndiyo maisha yake. Hukua hadi sentimita 14 hivi, hukaa juu ya jiwe akikutazama kwa macho yanayozunguka, kisha hukwangua utando wa mwani kwa meno yake membamba kama kitana, akimeza pia uchafu laini uliotua. Alama za midomo yake utaziona kwenye kioo.

Lakini elewa kipawa chake kilipo. Yeye ni mkwanguaji wa utando na vichipukizi. Ukimkabidhi msitu wa nywele ndefu za sentimita tano ataukalia tu. Ndiyo maana mikono yako inatangulia. Na hapa lile swali la mwanzo linarudi kwa nguvu. Mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kiwanja kidogo humaliza majani yote yaliyomzunguka, kisha anakonda huku mwenye kiwanja akisifia usafi. Bleni wengi hufa hivyo, miezi michache baada ya tangi kung'aa. Mtazame tumbo kutoka mbele na kutoka juu: likiwa la mviringo, yuko sawa, likibonyea nyuma ya mapezi, ana njaa hata kama anaonekana mchangamfu. Mzoeshe mapema karatasi za nori, mwani mkavu usiotiwa viungo, zile zinazouzwa Westlands kwa wapishi wa vyakula vya Kijapani. Funga kipande kwenye jiwe kwa raba, mahali alipozoea kukwangua. Wengine huchukua muda kukikubali, nawe usikate tamaa. Mmoja anatosha. Wawili watapigana mpaka mmoja aruke nje.

Msaidizie na konokono wa Trochus wachache. Wanakwangua vizuri, na wakianguka chali wanajua kujigeuza wenyewe, jambo ambalo konokono wa Astraea hawaliwezi, hivyo hubaki hapo wakifa na kuchafua maji.

Sasa kuhusu kangaja. Dukani huonyeshwa Acanthurus triostegus, wale wadogo weupe wenye mistari myeusi. Wanapendeza, wanakula mwani wa nywele kwa bidii, na watoto wao hupatikana kwenye vidimbwi vya maji kupwa pwani yetu yote, kwa hiyo mtu akiona vile hudhani ni samaki wa maji kidogo. Kile kidimbwi ni chekechea yao. Wakikua wanafika zaidi ya sentimita 20, wanatembea kwa makundi juu ya mwamba, wakichunga eneo kubwa kwa siku. Kwenye sentimita 120 na oksijeni ya Nairobi, wawili hao watakuwa na msongo, na kangaja mwenye msongo hupata ugonjwa wa madoa meupe upesi kuliko samaki karibu wote niwajuao. Tasi wa kwetu, Siganus sutor, yule wa sahani, ni mlaji mwani wa ajabu, lakini anaweza kufika sentimita 45 na miiba yake ina sumu. Huyo hatuna haja ya kumjadili zaidi. Ungekuwa na tangi la mita moja na nusu au zaidi ningekuambia umtafute Ctenochaetus truncatus, kangaja mpole wa Bahari ya Hindi asiyezidi sentimita 16 hivi, mwenye meno ya brashi. Kwa sasa, la.

Tuje kwa aiptasia. Hawa ni anemoni wadogo wa rangi ya kahawia isiyokoza, na ubaya wao ni kwamba kila kipande cha mguu kinachobaki kwenye jiwe kinaweza kuwa mnyama mpya. Ukimkwangua mmoja, unapanda shamba. Kwa wale wakubwa wanaoonekana, tumia sindano na uji mzito wa kalsiamu haidroksaidi, umpakie mdomoni na kumfunika, pampu zikiwa zimezimwa. Usizidishe wachache kwa siku, kwa sababu chokaa hiyo hupandisha pH, na tangi lako lina maji machache ya kuibeba.

Walio kwenye nyufa hutawafikia kwa sindano. Kitatange wa mdomo mrefu, Chelmon rostratus, anaweza kuwafikia, ila simpendekezi kwako. Si wa pwani yetu. Kwao ni kuanzia Bahari ya Andamani kwenda mashariki hadi Australia na Japani, kwa hiyo anapofika Nairobi ameshasafiri na kubadilishwa maji mara kadhaa. Hukua hadi sentimita 20, na wengi wao hukataa chakula cha kugandishwa kabisa. Anakula aiptasia, anakula minyoo yote midogo ya kwenye mawe, kisha anakaa mbele ya kioo bila kula hadi anakufa. Mpime kwa lile swali langu, na utaona anaanguka palepale. Vitatange wa kwetu wanaouzwa kwa bei nafuu ni afadhali kwa uhai wao lakini si kwa matumbawe yako. Wengi wa jamii ya Chaetodon wakimaliza aiptasia hugeukia vilivyo jirani.

Samaki anayefaulu lile swali ni Acreichthys tomentosus, jamaa mdogo wa kikande anayeishi kwenye nyasi za bahari. Hazidi sentimita 12 hivi, mwogeleaji wa polepole, hubadilisha rangi afanane na alipo, na usiku huuma kipande cha mwani au tumbawe asichukuliwe na mkondo. Maji mafupi yanamfaa kabisa. Aiptasia wakiisha, anakula uduvi wa kugandishwa bila kusitasita, kwa hiyo maisha yake hayategemei kero yako. Kasoro yake ni moja na kwako ni nzito: baadhi yao hudonoa zoanthidi na matumbawe yenye nyama, na huwezi kujua wako ni yupi mpaka umwone akidonoa. Kwa kuwa zoanthidi ndiyo mali yako kubwa, mimi ningemweka huyu kama njia ya mwisho.

Kabla yake ningejaribu Berghia, konokono uchi mdogo mweupe ambaye hali kitu kingine chochote duniani isipokuwa aiptasia. Usalama wake kwa matumbawe ni kamili. Ndiyo, naye aiptasia wakiisha atakufa njaa, na hapo wajibu ni wako: panga tangu mwanzo na mwenzako mwenye tatizo lilelile umpelekee. Watie usiku, kwenye jiwe lenye aiptasia wadogo, taa zikiwa zimezimwa.

Usipowapata, kamba wa Lysmata wurdemanni wenye mistari myekundu wanaweza kusaidia, na wataishi na kamba wako msafishaji bila shida. Ila kuwa mwangalifu. Kuna kamba mwingine, Rhynchocinetes durbanensis, anayeuzwa kwa jina hilohilo, na huyu anakula zoanthidi na matumbawe laini. Mtofautishe hivi: wa pili ana mgongo ulioinuka kwa nundu, macho makubwa, mistari myeupe iliyo wazi kati ya myekundu, na pembe ya puani inayoweza kukunjwa juu na chini. Muuzaji akikuambia ni kitu kimoja, shukuru uondoke.

Wamebaki minyoo bapa, na hapa nina samaki ninayempenda kweli. Halichoeres iridis ni wa kwetu, wa magharibi mwa Bahari ya Hindi kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini: mwili wa rangi ya zambarau na nyekundu iliyoiva, kichwa cha manjano, urefu wa sentimita 11 hivi. Kutwa nzima hupita juu ya mawe na mchanga akichungulia, akidonoa minyoo bapa, viluwiluwi vya minyoo ya miiba, na konokono vimelea wadogo wanaonyonya chaza na konokono wakubwa. Ana hamu ya chakula cha aina nyingi, hivyo wadudu wakipungua anakubali uduvi mara moja. Lile swali analijibu vizuri kuliko wote niliowataja.

Masharti yake ni mawili. Anataka mchanga laini wenye kina cha sentimita tano mahali pamoja angalau, kwa sababu taa zikizimwa hujizika humo na kulala. Changarawe yenye makali itamchuna. Na anataka wavu uliofungwa vizuri. Atakula pia konokono wadogo sana na minyoo yenye mashada ya manyoya, hilo likubali. Trochus wakubwa na kamba wako aliyekomaa kwa kawaida wako salama. Faida ya kumpata aliyevuliwa pwani yetu ni kwamba saa yake ni ya kwetu. Jamaa zake wa kutoka Indonesia hufika wakijizika mchana na kuamka usiku kwa siku kadhaa, na mwenye tangi hudhani wamekufa, akifukua mchanga na kuwaumiza bure.

Watu wengi watakutajia Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo wa mistari sita, ambaye naye ni wa pwani yetu na ni mwindaji hodari wa minyoo bapa. Ni kweli. Lakini akishakomaa na kujiona mwenye nyumba hufukuza kila mgeni anayemzidi upole, na kumtoa kwenye mawe ni lazima uvunje mpango wote wa tangi. Ukimchagua, awe wa mwisho kabisa kuingia, na usimchanganye na Halichoeres. Mmoja kati yao, si wote.

Minyoo wenyewe wafyonze kwanza kwa mpira mwembamba, kila siku taa zikiwaka wanapojikusanya kwenye mwanga. Wana sumu mwilini, na wakifa wengi kwa mpigo tangi zima linaweza kuanguka. Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie duka la agroveti kununua levamisole, dawa ya minyoo ya mbuzi, kwa kuwa umesikia inaua minyoo bapa. Inawaua, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Kuhusu samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, nitasema kwa moyo wote: mwache baharini. Hatibu ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake, Cryptocaryon irritans, hukaa chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo mdomo wa msafishaji haufiki. Chakula chake hasa ni vimelea wa aina ya gnathia wanaonyonya damu ya samaki mwambani, na kwenye tangi lenye samaki wachache hawapo wa kumshibisha. Kule mwambani anafanya kazi kubwa. Watafiti wa Lizard Island, Australia, waliwaondoa samaki hawa kwenye vijiamba kwa zaidi ya miaka 8, na samaki wengine wakapungua wingi wao na aina zao. Kumtoa kule Shimoni pwani ili afe njaa South C ni hasara ya pande mbili. Zaidi ya hayo, kuna anayemwiga kwa rangi na mwendo, Aspidontus taeniatus, ambaye akikaribia samaki wengine huwang'ata mapezi, na wauzaji wengi hawawatofautishi. Kamba wako tayari anatoa huduma hiyo kadiri tangi linavyohitaji.

Mpangilio wa kuingia ni muhimu kama uchaguzi. Halichoeres atakula Berghia kwa furaha, nao kamba wa Lysmata, hata huyo wako msafishaji, wanaweza kuwala vilevile. Kwa hiyo aiptasia ndio wa kwanza kushughulikiwa, Berghia wakiwa peke yao na samaki wako wa anemoni, kamba akiwa ametengwa kwa muda. Bleni anaweza kuingia wakati huo, maana hana habari na Berghia, mradi mwani upo. Aiptasia wakishatoweka kwa wiki kadhaa na Berghia wamehama, ndipo Halichoeres aje. Utakuwa na samaki wanne kwa jumla, na kwa lita 150 katika mwinuko huu hapo ndipo ningesimama. Wale gobi, samaki wadogo wa kuchuja mchanga, usishawishike nao. Watamwaga mchanga juu ya zoanthidi, na wengi hukonda.

Kila mgeni apite karantini. Kontena la plastiki la lita 40 lenye hita, sifongo lililokaa kwenye tangi lako kwa wiki chache, na kipande cha bomba la kujifichia vinatosha. Kwa Halichoeres weka bakuli la mchanga laini. Ukitibu kwa shaba, fanya humo tu, kamwe si kwenye tangi lenye kamba na matumbawe, na bakuli la mchanga litoe kwanza kwa sababu mchanga hufyonza shaba. Ugonjwa wa madoa meupe ukishaingia tangi kubwa, tiba ya uhakika ni kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki kwa siku 76, kazi ambayo nisingependa uifanye.

Siku ya kununua, omba samaki alishwe mbele yako. Tazama tumbo, tazama kupumua. Uliza amevuliwa wapi na nani: mvuvi wa samaki wa mapambo anahitaji leseni, na ndani ya mbuga za baharini kama Kisite-Mpunguti, Watamu na Malindi hakuna ruhusa ya kutoa samaki wala konokono wala jiwe. Muuzaji makini hajibu swali hilo kwa hasira. Ukiletewa moja kwa moja kutoka pwani, mwambie anayefunga asiujaze mfuko ukakaza, maana hewa iliyofungwa Mombasa hutanuka ikifika huku juu na mfuko unaweza kupasuka njiani.

Kabla ya kumlipia Halichoeres, nitumie vipimo vyako vya fosfeti na naitreti pamoja na picha ya wale minyoo bapa iliyopigwa kwa kioo cha kukuza. Tazama ncha ya nyuma. Ikiwa imegawanyika kama vijimkia vitatu na rangi ni ya kutu, huenda ni Convolutriloba, na samaki huyo utamhitaji. Ikiwa ni weupe au wanapenyesha mwanga na hawakai juu ya matumbawe, yumkini wanawinda kopepodi tu, vile vijidudu vidogo vya majini, na hapo bleni pamoja na Berghia wanakutosha.